Taa zikizimwa ndani ya ndege usiku: mambo ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla ya kutua

Mtoto amelala kifuani kwa mama yake tangu ndege iliporuka. Sasa muungurumo wa injini umebadilika, masikio yameanza kuziba na mhudumu anapita akiwataka abiria wafunge mikanda, wanyooshe viti na kufungua vifuniko vya madirisha. Mara taa za ndani zinazimwa. Mtoto anashtuka na kuanza kulia, mama anapapasa miguuni kutafuta chupa iliyodondoka, na nje ya dirisha hakuna kinachoonekana isipokuwa mvua inayopita kwenye mwanga wa taa ya bawa.

Wazazi waliowahi kusafiri usiku wanaijua hali hiyo. Wapo wanaodhani kuna hitilafu, na wapo wanaodhani shirika linabana umeme. Sababu yenyewe ni ya kiafya, na inahusu macho.

Jicho la binadamu likitoka kwenye mwanga na kuingia gizani huhitaji takriban dakika 30 ili lione vizuri kadiri linavyoweza, ingawa hata dakika chache za mwanzo huleta tofauti kubwa. Ndege ikipata ajali wakati wa kutua na umeme wa ndani ukakatika, abiria ambaye macho yake yameshaanza kuzoea giza ataiona njia ya kwenda mlangoni, na atamwona mwanawe. Vifuniko vya madirisha hufunguliwa ili wahudumu waone upande upi una moto kabla hawajafungua mlango wowote.

Kukaribia uwanja na kutua huchukua dakika chache tu za safari, lakini ajali nyingi hutokea katika dakika hizo. Usiku, kukiwa na mvua au ukungu, kazi huwa ngumu zaidi kwa sababu rubani naye ana macho na masikio kama ya abiria wake, na vyote viwili hudanganya.

Jicho la rubani

Jambo hili mzazi anaweza kulijaribu na watoto nyumbani siku umeme ukikatika, na fursa hizo hazikosekani. Tokeni nje, tafuteni nyota hafifu kabisa, kisha mwambie mtoto aikazie macho. Itapotea. Akitazama pembeni yake kidogo, itarudi. Hiyo ni kwa sababu chembe za jicho zinazofanya kazi gizani hazipo katikati kabisa ya ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Gizani, mahali tunapopakodolea macho ndipo tunapoona vibaya zaidi.

Rubani anayekaribia uwanja usiku, chini yake kukiwa na bahari, ziwa au pori lisilo na taa hata moja, ana tatizo jingine juu ya hilo. Anaona taa za uwanja zikielea katika weusi, basi. Hana nyumba, barabara wala miti ya kulinganisha. Ubongo hulijaza pengo kwa kukisia, na mara nyingi hukisia kwamba ndege iko juu kuliko ilivyo. Rubani anaendelea kushuka huku akiamini yuko sawa. Wanaanga huiita hali hiyo shimo jeusi.

Conrad Kraft, mwanasaikolojia wa kampuni ya Boeing, aliichunguza hali hiyo katika miaka ya 1960 baada ya ndege kadhaa aina ya Boeing 727 kuanguka zikikaribia kutua, baadhi yake usiku. Alitengeneza mfano wa mji wenye taa, mbele yake kukiwa na giza tupu, akawaweka marubani wazoefu kwenye mtambo wa mazoezi na kuwataka washuke kwa kutumia macho, bila kipimo cha urefu. Wengi wao walishuka kupita kiasi. Ingekuwa safari ya kweli, wangeigusa ardhi kabla ya kuufikia uwanja. Hao hawakuwa wanafunzi. Walikuwa watu wanaofundisha wenzao kurusha ndege.

Mvua na ukungu huongeza udanganyifu huo. Maji kwenye kioo cha mbele hupindisha mwanga na kumfanya rubani ajione yuko juu zaidi. Ukungu hufifisha taa, zikaonekana ziko mbali. Makosa yote mawili humsukuma upande uleule, yaani chini.

Na sikio lake

Ndani kabisa ya sikio kuna mirija mitatu midogo yenye majimaji, pamoja na vijiwe vidogo mno vinavyouambia ubongo wapi ni juu na wapi ni chini. Ndiyo sababu mtoto akizungukazunguka uwanjani kisha akasimama, dunia huendelea kumzunguka.

Kiungo hiki kina udhaifu mmoja: hakiwezi kutofautisha mtu anayeegemea nyuma na mtu anayesukumwa mbele kwa kasi. Basi linapoondoka kwa kishindo mgongo hubanwa kwenye kiti, lakini abiria haamini kwamba basi limeinua pua, kwa kuwa anaiona barabara dirishani. Rubani aliye gizani hana barabara ya kuitazama. Akiongeza nguvu ya injini, mwili wake wote humwambia kwamba pua ya ndege imeinuka mno, na mkono hutaka kuisukuma chini.

Usiku wa Agosti 23, 2000 ndege ya Gulf Air aina ya Airbus A320 iliyotoka Cairo ilikuwa inatua Bahrain. Ilifika ikiwa juu na yenye kasi kubwa, ikazunguka ili ijipange upya, ikashindwa, na marubani wakaamua kupaa tena. Mbele yao kulikuwa na bahari isiyo na taa. Wakati kasi ikiongezeka, rubani aliisukuma pua chini na ndege ikaingia majini. Watu wote 143 walifariki. Hali ya hewa ilikuwa nzuri usiku ule, giza peke yake lilitosha. Wachunguzi walitaja kupotewa na mwelekeo miongoni mwa mambo yaliyochangia.

Kenya nayo ina kumbukumbu yake. Ndege ya Kenya Airways iliyoanguka Douala, Kameruni, usiku wa mvua wa Mei 5, 2007 na kuua watu 114 ilikuwa inaruka, haikuwa inatua, lakini uchunguzi uliishia mahali hapohapo: rubani aliyepoteza mwelekeo gizani.

Sekunde sita za Guam

Kama kuna ajali moja inayoonyesha mambo haya yote yakikutana, ni ile ya ndege ya Korean Air namba 801.

Ilikuwa Boeing 747 iliyobeba watu 254 kutoka Seoul kwenda Guam, kisiwa cha Marekani katika Bahari ya Pasifiki. Agosti 6, 1997, saa 7:42 usiku kwa saa za huko, iligonga kilima cha Nimitz, kama kilomita 5 kabla ya uwanja. Watu 228 walifariki.

Mtambo wa uwanjani unaomwonyesha rubani pembe sahihi ya kushukia ulikuwa umezimwa kwa matengenezo, na marubani walijulishwa. Kushuka bila mtambo huo kunawezekana, ila rubani hulazimika kushuka ngazi kwa ngazi akihesabu umbali na urefu. Hata hivyo, katika mazungumzo yao walisikika wakijadiliana kama mtambo huo unafanya kazi au la. Wingu na manyunyu ya mvua vilikuwa njiani. Wachunguzi wa Marekani waliona kwamba huenda rubani mkuu alitarajia kuuona uwanja kwa macho muda wowote, hivyo hakujiandaa vya kutosha kwa njia ile ngumu.

Kinasa sauti kilimnasa pia rubani huyo akisema ana usingizi. Kwa mwandishi au mwalimu, usingizi wa saa saba usiku huharibu kazi ya siku moja. Mwili wa binadamu una saa yake, na kati ya saa nane usiku na alfajiri joto la mwili hushuka, umakini hupungua, na mtu hung'ang'ania jambo moja hata dalili zikimwambia aliache. Mzazi aliyekesha na mtoto mwenye homa anajua jinsi anavyoweza kusoma kipimo cha dawa mara tatu bila kukielewa. Uchovu wa rubani mkuu umo katika ripoti ya uchunguzi kama jambo lililochangia.

Chumbani mle kulikuwa na watu watatu: rubani mkuu, rubani msaidizi na mhandisi wa ndege. Sekunde kama sita kabla ya kugonga, rubani msaidizi alisema waghairi kutua. Mhandisi akasema uwanja hauonekani. Maneno yalikuwa sahihi, muda haukutosha. Ripoti iliwalaumu wawili hao kwa kutomfuatilia na kumhoji mkubwa wao mapema. Kwa watu waliolelewa kwamba mdogo hamkatizi mkubwa, somo hilo ni gumu kulimeza. Leo mafunzo ya marubani duniani kote yanamtaka mdogo aseme, na yanamtaka mkubwa asikilize.

Kulikuwa na mlinzi mmoja zaidi. Kompyuta ya waongozaji wa ndege ilikuwa na uwezo wa kutoa tahadhari ndege ikishuka chini ya kiwango, lakini tahadhari hiyo ilikuwa imezimwa katika eneo kubwa la Guam kwa sababu ilikuwa inapiga kelele mara nyingi bila sababu.

Walionusurika walikuwa 26.

Ndege ikighairi kutua

Tangu wakati huo mambo mengi yamebadilika. Ndege kubwa za abiria sasa zina kifaa chenye ramani ya milima na ardhi ya dunia, kilichobuniwa na mhandisi Don Bateman, mzaliwa wa Kanada, na wenzake, ambacho humwonya rubani kwa sauti kabla kilima hakijafika. Pembeni mwa njia ya kutua kwenye viwanja vingi kuna taa nne: mbili nyeupe na mbili nyekundu maana yake pembe ni sahihi, zikiwa nyekundu zote nne ndege iko chini mno. Marubani hufundishwa kuamini vipimo na kuupuuza mwili.

Kanuni iliyo muhimu kuliko vifaa vyote ni ile ya kughairi. Kwenye mtambo wa kawaida wa kuongozea kutua, ndege ikifika kama futi 200 juu ya ardhi, takriban mita 60, na rubani hajaziona taa za uwanja, hana ruhusa ya kuendelea kutafuta. Anapaa.

Kwa abiria tukio hilo linatisha. Injini zinanguruma ghafla, pua inainuka, mtoto anatapika, mtu nyuma anaanza kusali kwa sauti. Dakika kadhaa zinaweza kupita kabla rubani hajazungumza, kwani wakati huo ana kazi nyingi. Mzazi anayejua kinachoendelea anaweza kumwambia mwanawe ukweli: dereva hakuiona njia vizuri, amepanda juu ili ajaribu tena.

Wasafiri wa asubuhi wa uwanja wa Songwe mkoani Mbeya wanajua ukungu unavyoweza kuirudisha ndege Dar es Salaam, na wa Nairobi wamewahi kujikuta Mombasa. Viwanja kadhaa vya mikoani vilijengwa bila taa, hivyo jua likizama havipokei ndege. Kwenye kaunta siku kama hizo husikika matusi, watu wakidai rubani ni mwoga au shirika linawachezea. Kuchelewa kunauma, hasa kwa mwenye mgonjwa au msiba. Lakini shinikizo la kufika ni mojawapo ya mambo yanayowafanya marubani waendelee kushuka pale walipopaswa kupaa, na abiria anayetukana analiongeza.

Visiwa vya jirani vya Komoro vinaijua gharama ya kutua kugumu. Usiku wa kuamkia Juni 30, 2009 ndege ya Yemenia aina ya Airbus A310 iliyotoka Sana'a ilikuwa inazunguka ili itue Moroni kutokea upande wa pili wa uwanja, kwa macho, gizani, kwenye upepo mkali kando ya bahari. Ilipoteza mwinuko na kuanguka baharini, na uchunguzi ulitaja jinsi marubani walivyoiongoza. Kati ya watu 153 alipona mmoja, msichana wa miaka 12 aliyeshikilia kipande cha ndege majini kwa saa nyingi hadi alipookolewa. Alikuwa anasafiri na mama yake.

Mtoto wa mapajani

Kisa kama hicho humfanya mtu aone kwamba ndege ikianguka hakuna la kufanya. Ajali za kutua haziko hivyo zote. Ndege huwa iko chini, kasi imepungua, na mara nyingi wapo wanaobaki hai baada ya kishindo cha kwanza. Ndege ya Precision Air iliyoingia Ziwa Victoria ikitua Bukoba asubuhi yenye hali mbaya ya hewa, Novemba 6, 2022, ilikuwa na watu 43. Walifariki 19, wakaokoka 24, wavuvi wakiwa wa kwanza kuwafikia. Kinachofuata baada ya kishindo hutegemea pia abiria alivyojiandaa.

Mtoto wa chini ya miaka 2 huruhusiwa kukaa mapajani bila kulipiwa kiti kamili, na familia nyingi huchagua hivyo kwa sababu nauli ni kubwa. Ukweli ni kwamba mikono ya mzazi haiwezi kumshika mtoto kwenye kishindo kikubwa. Mwaka 1989, ndege ya United namba 232 ilipotua kwa dharura Sioux City, Marekani, kulikuwa na watoto wanne wasio na viti, na wahudumu waliwaagiza wazazi wawalaze sakafuni kama mwongozo wa wakati ule ulivyotaka. Mmoja alifariki. Jan Brown, aliyekuwa mkuu wa wahudumu, alitumia miaka iliyofuata akidai kila mtoto awe na kiti chake.

Mwenye uwezo amlipie mtoto kiti na abebe kiti cha mtoto kilichoidhinishwa kutumika kwenye ndege. Aulize shirika kabla ya kukata tiketi. Asiye na uwezo aombe ule mkanda mdogo wa mtoto unaopitishwa kwenye mkanda wa mzazi, ambao mashirika mengi hutoa. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kumfunga mtoto ndani ya mkanda mmoja na mzazi. Kwenye kishindo, uzito wote wa mtu mzima humkandamiza mtoto. Mbeleko na kanga hufaa kumbeba wakati wa kutoka nje, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya mkanda.

Ndege inapoanza kushuka, mnyonyeshe mtoto au mpe chupa. Kumeza huzibua masikio na kupunguza maumivu, kwa hiyo ataingia kwenye dakika za kutua akiwa ametulia. Mvalishe viatu, nawe vaa vyako. Hesabu viti kutoka ulipo hadi mlango wa karibu, mbele na nyuma, ili ukishindwa kuona uende kwa kupapasa. Kama mko wazazi wawili na watoto wawili, amueni mapema nani anamchukua yupi. Jaketi la kuokolea lisijazwe upepo ndani ya ndege. Mwaka 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ilipoangukia majini karibu na Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, wapo waliojaza yao mapema wakanasa ndani maji yalipopanda.

Na mzigo uachwe. Hili ndilo watu hulipuuza zaidi, wakivuta begi lenye pasipoti huku waliokuwa nyuma yao wakisubiri.

Januari 2, 2024, saa 11:47 jioni, giza likiwa limeshaingia Tokyo, Airbus A350 ya Japan Airlines ilitua uwanja wa Haneda ikiwa na watu 379, wanane kati yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 2. Kwenye njia ileile kulikuwa na ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliyokuwa ipeleke misaada kwa walioathiriwa na tetemeko. Marubani hawakuiona. Ziligongana, na watu watano wa ndege ndogo walifariki. A350 iliteleza ikiwaka moto, mfumo wa matangazo ukaharibika, moshi ukajaa. Kati ya milango minane ni mitatu tu iliyofaa kutumika, na wahudumu waliwaongoza watu kwa kupaza sauti.

Rubani mkuu alikuwa wa mwisho kushuka, dakika 18 baada ya ndege kutua. Watu wote 379 walikuwa nje, pamoja na wale watoto wanane. Karibu kila kitu walichokuwa wamesafiri nacho kiliteketea mbele ya macho yao.